Rada Ikinyamaza, Mashua Bado Iko Majini

Ukisimama Mama Ngina, Mombasa, jioni na kuutazama mlango wa Kilindini, unaliona kwa macho tatizo ambalo wanahisabati na wahandisi wa rada wamelihangaikia tangu miaka ya sitini. Meli ya makontena inaingia taratibu ikifuata maboya, rubani wa bandari yuko juu kando ya nahodha. Feri za Likoni zinaikata njia yake kwenda na kurudi, na umati zinaouvusha unakadiriwa kufika watu 300,000 kwa siku. Mashua za wavuvi zinatoka, nyingine zinarudi, na jahazi linalokwenda Bandari ya Kale linapinda kuelekea Fort Jesus. Wewe uliye nchi kavu unajua kipi ni kipi kwa sababu mwanga upo na unaweza kukikazia macho chombo kimoja mpaka kipite. Anayevichunga usiku kwa rada hana nafasi hiyo. Anachopewa ni miangwi tu, vinukta vinavyorudi kila antena inapozunguka, vingine vya chuma, vingine vya mbao, vingine vya mgongo wa wimbi.

Hoja yangu ni kwamba katika kazi ya kufuatilia vyombo vingi kwa pamoja, maamuzi mazito hufanywa na mtambo kabla mtu hajaitazama skrini: mwangwi huu ni wa nani, na chombo kilichoacha kurudisha mwangwi kiendelee kuhesabiwa au kifutwe. Maamuzi hayo yana gharama, na katika maji yetu gharama hiyo humwangukia mvuvi wa mashua ya mbao. Hayafai kuachiwa muuzaji wa mtambo.

Sehemu nyepesi ya kazi ilikwisha kutatuliwa. Mwaka 1960 Rudolf Kálmán, mhandisi mzaliwa wa Hungary aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichapisha hesabu inayoitwa hadi leo kichujio cha Kalman. Unakisia chombo kitakuwa wapi sasa kwa kutumia ulichokijua dakika iliyopita. Mwangwi mpya ukifika, unalisogeza kisio lako kuuelekea kwa kadiri unavyouamini. Rada ikiwa nzuri unasogea sana, ikiwa mbovu unasogea kidogo. Hesabu hiyo ilisaidia vyombo vya Apollo kufika mwezini, na aina zake zimo ndani ya simu tunazobeba. Kwa chombo kimoja kwenye maji matulivu, hakuna zaidi la kutafuta.

Vikiwa viwili, mambo hugeuka. Watoto wawili wenye sare moja wakiingia kwenye uchochoro wa Mji wa Kale na kutokea upande wa pili, anayewangoja kule hawezi kuapa ni yupi aliyetangulia kuingia. Ndivyo ilivyo mashua mbili zikipishana gizani nje ya Nyali: miangwi miwili inakaribiana, inagusana, inaachana, na hakuna aliyeshuhudia kilichotokea katikati. Hapo bado hatujayaweka mawimbi yanayojifanya mashua, wala mashua ambazo mwangwi wao haukurudi. Ukikubali kwamba chombo chochote chaweza kukosa kuonekana na mwangwi wowote waweza kuwa wa uongo, basi vyombo 3 na miangwi 3 vinaweza kuoanishwa kwa namna 34. Vyombo 5 na miangwi 5, namna 1,546. Vikifika 10 na 10, namna ni 234,662,231, na huo ni mzunguko mmoja tu wa antena. Antena ya rada ya meli huzunguka mara 20 au zaidi kwa dakika.

Wahandisi wana njia kadhaa za kuukabili wingi huo, na kila njia ni msimamo kuhusu shaka. Iliyo rahisi ni kukata shauri papo hapo: kila chombo kipewe mwangwi ulio karibu nacho zaidi. Hufaa vyombo vikiwa mbalimbali, na hukosea palepale unapoihitaji, yaani vinapokaribiana. Majina yakibadilishana mara moja, kila mwangwi unaofuata hulithibitisha kosa, na skrini huendelea kuonekana safi kabisa.

Njia nyingine, iliyoelezwa mwaka 1983 na Thomas Fortmann, Yaakov Bar-Shalom na Molly Scheffe, hukataa kuchagua. Huupa kila mwangwi sehemu yake ya uwezekano, kisha huchukua wastani. Chombo kimoja kikizungukwa na mawimbi, hufanya kazi nzuri sana. Tatizo ni mashua mbili zinazokwenda sambamba kwa muda mrefu: wastani huzivuta pamoja mpaka njia zote mbili kwenye skrini zinapita katikati, mahali ambapo hakuna mashua hata moja. Ningependa kila anayesimamia uokoaji baharini alitafakari jambo hili. Ukiwa na shaka kama mtu yuko kaskazini au kusini mwa mwamba, kumtafuta juu ya mwamba wenyewe ni kupoteza saa ambazo yeye hana.

Njia ninayoiona kuwa ya uadilifu zaidi ni ile aliyoieleza Donald Reid mwaka 1979. Ziweke dhana zote zenye uzito kuhusu mwangwi upi ni wa chombo kipi, kila moja na uwezekano wake, uache miangwi itakayofuata iamue. Zikizidi mno, pogoa zilizo dhaifu. Kwa muda mrefu ilikuwa mzigo mkubwa kwa kompyuta za wakati ule. Leo kisingizio hicho hakipo tena.

Najua jibu la nahodha wa feri. Atasema kwamba yeye hawezi kungoja dhana zijipange; meli iko mbele yake, abiria wako sitahani, na mkondo wa maji yanayopwa hausubiri mtu. Ana haki. Lakini tazama anachohitaji kuamua. Hahitaji kujua kama nukta ile ni mashua iliyotoka Mtongwe au ile iliyotoka Likoni. Anahitaji kujua kama apunguze mwendo. Swali la nani linaweza kungoja, swali la kufanya nini haliwezi, na mitambo mingi huyafunga maswali hayo mawili katika jibu moja. Chombo huandikwa namba, namba hupewa rangi, na mtu huamini rangi. Kupunguza mwendo, kupiga honi au kuita kwenye redio hakuhitaji jina la mtu.

Julai 3, 1988, kwenye Ghuba ya Uajemi, namba ilichangia msiba. Manowari ya Marekani, USS Vincennes, iliiangusha ndege ya abiria ya Iran Air, safari namba 655, iliyotoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Watu wote 290 waliokuwamo walikufa. Sababu zilikuwa nyingi, na wasiwasi wa mapigano ulikuwa mmojawapo. Lakini imo moja inayohusu mada yetu moja kwa moja. Mtambo wa manowari uliipa ndege ile namba 4474, kisha taarifa zake zilipounganishwa na za meli nyingine, ikaendelea kwa namba 4131. Ile 4474 ikapewa ndege ya kijeshi ya Marekani iliyokuwa mbali. Nahodha alipouliza 4474 inafanya nini, alijibiwa habari za chombo kingine, kilichokuwa kikishuka. Ndege ya abiria ilikuwa ikipanda. Mtambo uliijua ndege ile vizuri. Waliopotea ni watu, kwa sababu skrini ilibadilisha jina bila kuwaambia kwamba imebadilisha.

Wala haisaidii kusema watu wawe makini zaidi. Mwaka huohuo wa 1988, Zenon Pylyshyn na Ron Storm walichapisha majaribio ya kumwonyesha mtu vitu vingi vinavyofanana vikitembea ovyo kwenye skrini na kumtaka afuatilie baadhi yake. Watu waliweza kufuatilia vinne au vitano hivi. Zaidi ya hapo macho na akili huachilia. Usiku wa kawaida nje ya Mombasa una vyombo vingi kuliko hivyo. Kwa hiyo mtambo lazima uamue kwa niaba yetu, na ndiyo maana lazima tujue unaamuaje.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni kufuta.

Kiwango kilichopitishwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO) mwaka 1995 kuhusu rada zinazofuatilia vyombo kinautaka mtambo uendelee kufuatilia chombo kinachoonekana bayana katika mizunguko 5 kati ya 10 mfululizo. Ni kiwango cha chini, na mtengenezaji yuko huru kukivuka. Lakini chukua mtambo uliokifuata kama kilivyo na unaofuta kila kilichopungukiwa, kisha ufanye hesabu. Meli ya chuma ambayo kila mzunguko ina uwezekano wa 0.9 wa kurudisha mwangwi itapungukiwa chini ya mara 2 katika kila 10,000. Kwa meli, kanuni hiyo ni nzuri. Sasa iweke mashua ya mbao ya wavuvi, wakati wa kusi, ikipanda na kuzama nyuma ya mawimbi, yenye uwezekano wa 0.4. Kwa kanuni ileile, uwezekano wa kupungukiwa katika mizunguko kumi yoyote ni asilimia 63. Mizunguko kumi ni nusu dakika tu. Kila mmoja ndani ya mashua yuko salama, anavuta wavu, na kwenye skrini ya meli inayokuja wamekwisha kufutwa.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Kanuni ni moja kwa wote, na ndiyo kasoro yenyewe. Mwangwi kukosekana mara sita kati ya kumi ni habari kubwa ukiwa unafuatilia meli ya mafuta: kuna jambo limetokea. Ukiwa unafuatilia ngalawa mwezi wa Juni, ni habari ya kawaida kabisa, maana ndivyo ngalawa inavyoonekana. Thamani ya kimya hutegemea jinsi chombo chenyewe kinavyosikika kikiwa salama. Mtambo usiotofautisha hayo mawili umekwisha kuamua nani ataonekana.

Na meli kubwa haikosi njia ya pili. Tangu mwisho wa 2004, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini (SOLAS) unazitaka meli za safari za kimataifa za tani 300 na zaidi, pamoja na meli za abiria, zibebe kifaa cha AIS kinachotangaza jina, mahali na mwendo wa chombo kila baada ya sekunde chache. Kifaa hicho kimeokoa maisha, sina ubishi nacho. Lakini skrini zimeanza kukifanya AIS kuwa ndiyo orodha ya walioko baharini. Mtumbwi, ngalawa na mashua nyingi hazimo katika orodha hiyo. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wazee, na walikuwa wakizungumzia baraza, si bahari. Ila sijapata maneno yanayoifaa hali hii zaidi.

Kosa la kukithamini kimya kupita kiasi halikuishia kwa vyombo vidogo. Ndege ya Air France namba 447 ilianguka katika Atlantiki Juni 1, 2009 ikiwa na watu 228. Watafutaji walisikiliza kwa wiki kadhaa milio ya vifaa vilivyofungwa kwenye visanduku vya kumbukumbu, wakaambulia kimya, na kimya kile kikayafanya maeneo yaliyopitiwa yaonekane tupu. Baadaye wachambuzi waliirudia hesabu nzima kwa kukubali kwamba huenda vifaa vyenyewe vilikuwa vibovu. Mara moja uwezekano ukarudi karibu na mahali ndege ilipojulikana kuwa mara ya mwisho. Msako ulipoelekezwa huko Aprili 2011, mabaki yalipatikana ndani ya siku chache. Miangwi mipya haikuongezwa hata mmoja. Kilichobadilika ni uzito waliokipa kimya.

Mwenye mtambo atanipinga kwa hoja nzito, nami naiheshimu. Ukipunguza kufuta, skrini itajaa mashua za uongo. Kila wimbi litakuwa mvuvi. Kengele zitalia usiku kucha, na afisa aliyechoshwa na kengele za uongo atazizima zote, ya kweli ikiwemo. Ni kweli, na imetokea katika vyumba vingi vya ulinzi duniani. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba yako mambo mawili tu, kuonyesha kwa ukamilifu au kufuta. Njia ya chombo iliyofifia inaweza kuonyeshwa imefifia. Duara lake likapanuka kila mzunguko unaopita bila mwangwi, likimwambia afisa: kilikuwa hapa, huenda sasa kiko popote ndani ya duara hili. Haihitaji kengele. Inahitaji tu isiondolewe machoni pa mtu.

Hatua nazo zitofautiane. Tuseme njia iliyofifia ina uwezekano wa 0.2 tu wa kuwa mashua ya kweli. Ukimuuliza mtambo kama pana kitu pale, utajibu hapana, na kwa hesabu ya kubahatisha jibu uko sahihi mara nne kati ya tano. Lakini weka gharama kwenye mizani. Kupiga honi ni bure. Kumwambia mlinzi wa mbele aangalie upande ule ni bure. Kupunguza mwendo ni dakika chache za meli. Upande wa pili pana mashua yenye baba na wanawe wawili. Uamuzi wa kujihadhari unabaki kuwa sahihi hata uwezekano ukishuka mpaka 0.01. Anayefuta kwa kuwa jambo halielekei amelijibu swali ambalo halikuulizwa baharini.

Mantiki hiyohiyo ingeongoza boti za doria na kamera. Mara nyingi jicho huvutwa na kilicho kikubwa na chenye jina. Lakini kuitazama tena meli ya makontena ambayo AIS yake inasema kila kitu hakubadilishi uamuzi wowote. Kamera moja ielekezwe kwenye nukta ambayo jibu lake, ndiyo au hapana, litatufanya tutende tofauti. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilizinduliwa mwaka 2018 kikiwa na bahari kubwa na boti chache. Kwa kikosi kama hicho, kuchagua pa kuangalia ni nusu ya kazi. Kituo cha uratibu wa uokoaji baharini, kilichopo Mombasa tangu 2006, kina mzigo mpana zaidi, kwa kuwa huhudumia na maji ya majirani zetu, na Kanuni za Djibouti za 2009, makubaliano ya nchi za ukanda huu ya kupambana na uharamia, zilikifanya kimoja kati ya vituo vitatu vya kubadilishana taarifa za bahari, pamoja na Dar es Salaam na Sana'a. Kituo cha namna hiyo kina sauti. Kikisema kwamba ngalawa haifutwi kwa kanuni ya meli ya mafuta, majirani watasikia.

Lipo na jambo ambalo hakuna mtambo unaoweza kutuuzia, nalo tunalo tayari. Swali gumu kuliko yote katika hesabu hizi ni vyombo viko vingapi. Wataalamu wamejenga nadharia nzima za kukisia idadi hiyo kutokana na miangwi peke yake. Hapa kwetu, kila bandari ya wavuvi ina kamati ya kusimamia ufuo, inayoitwa BMU, iliyowekewa kanuni mwaka 2007, na wazee wa kamati wanajua nani ametoka, ametoka na nani, anavua mwamba gani na hurejea maji yakiwa wapi. Ikifika kwenye chumba cha rada kabla ya magharibi kwamba mashua kadhaa zimetoka kuelekea upande fulani, uwezekano wa kila nukta upande ule hupanda kabla antena haijazunguka hata mara moja. Simu ya mkononi inatosha. Sioni kwa nini taarifa ya kijiji ihesabiwe porojo na kisio la kompyuta lihesabiwe sayansi, ilhali katika hesabu zote hizi yote mawili yanaingia mahali pamoja, kama imani ya awali inayosahihishwa na ushahidi.

Upande wa mashua nao unaweza kusaidiwa kwa bei ndogo. Kiakisi cha rada ni vipande vya bati au chuma vilivyounganishwa kwa pembe mraba na kutundikwa mlingotini. Hakina betri wala hakihitaji usajili. Tuseme kinaupandisha uwezekano wa mashua yetu kutoka 0.4 hadi 0.7. Chini ya ile kanuni ya 5 kati ya 10, uwezekano wa kufutwa unashuka kutoka asilimia 63 hadi chini ya asilimia 5. Wapo mafundi wa kuunda kitu hicho katika kila mtaa wa Mombasa. Fedha za mtambo mpya zikitafutwa, kasma ya viakisi iwemo ndani ya zabuni hiyohiyo, maana vyote viwili vinanunua kitu kimoja, yaani mwangwi unaorudi.

Ninalolidai kwa wanaoendesha rada za bandari na za doria, basi, ni dogo na linatekelezeka. Namba zinazoamua kufuta zisiwe siri ya kiwandani. Ziandikwe kwenye kitabu cha zamu, moja kwa meli za chuma na nyingine kwa vyombo vidogo vya mbao. Aprili kusi likianza kuvuma zibadilishwe, na Novemba kaskazi likiingia zibadilishwe tena, kwa sababu bahari ya miezi hiyo si moja. Kila badiliko liwe na saini ya afisa anayeweza kuulizwa sababu, na nakala ipelekwe kwa kamati za BMU za Likoni, Mtongwe, Tudor na Nyali, ili wavuvi wajue usiku huo wanahesabiwa kuwapo kwa muda gani baada ya mwangwi wao kukatika.